Kipima oksijeni kwa wodi ya waliotoka upasuaji: kipi kinafaa?

Katika wodi yetu ya upasuaji, muuguzi wa zamu ya usiku anaweza kubaki peke yake na wagonjwa zaidi ya ishirini, na ndiyo maana kila kifaa ninakipima kwa swali moja: je, kitaniita nikiwa kitanda cha mwisho?

Kile kidogo cha kubana kidoleni, ambacho wengi walikizoea wakati wa UVIKO-19, hakiniiti. Bei yake ni nafuu na kinasoma vizuri, lakini aina nyingi hazina king'ora, hivyo mgonjwa ambaye dawa ya usingizi haijamtoka anaweza kushuka oksijeni ya damu kutoka asilimia 97 hadi 85 pasipo mtu wa kuitazama namba hiyo.

Ninachokipendekeza ni cha mkononi chenye king'ora na betri ya kuchaji, cha aina ambayo shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, limekuwa likizipelekea hospitali zenye uhaba wa vifaa. Umeme ukikatika, kinaendelea kufanya kazi. Agizeni na waya wa akiba wa kidoleni, kwa kuwa katika vipimo vya namna hii ndio unaochakaa mapema. Mikono ikiwa ya baridi au kucha zikiwa na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, nasi huku pwani tunawapokea akina mama wengi waliopambwa, kifaa huenda kisisome vizuri, hivyo tafuteni kidole kingine, hata cha mguu. Tena tafiti zimeonyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kutoa namba iliyo juu ya hali halisi. Kwa hiyo 93 ya mgonjwa anayehema haraka hainipi utulivu hata kidogo.

Utafiti wa ASOS kuhusu matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika, ulibaini kwamba vifo vingi hutokea baada ya siku ya upasuaji, yaani mikononi mwetu sisi wa wodini. Jaribio lililofuata, lililotangazwa mwaka 2021, liliongeza uangalizi kwa wagonjwa walio hatarini zaidi, na vifo havikupungua. Mimi sishangai, kwa sababu king'ora hakimsaidii mgonjwa ikiwa mtungi wa oksijeni umefungiwa stoo na daktari wa zamu hajulikani ni nani. Anayenunua kipimo hiki apange fungu la oksijeni katika bajeti hiyo hiyo. Sisi tumewahamishia waliotoka upasuaji kwenye vitanda vinne vilivyo karibu na meza ya wauguzi, mtungi ukiwa katikati yao, na ukutani tumebandika namba ya simu ya kupigwa oksijeni inaposhuka chini ya 90.