Tulipompeleka mwanangu kupimwa tabia, kliniki ya makuzi ya watoto hapa Dar

Wazazi wengi naona wanauliza mtoto akiwa msumbufu kupita kiasi apelekwe wapi, sisi ndo tumetoka huko juzi kwaiyo naandika vile ilivyokuwa. Mwanangu ana miaka 7, darasa la pili, tunakaa Tabata. Toka la kwanza naitwa shule karibu kila baada ya wiki mbili, leo kampiga mwenzie, kesho kagoma kuandika, keshokutwa katoka darasani mwalimu anafundisha kaenda zake bombani. Nyumbani namwita mara tatu haitiki, ya nne nikipaza sauti ndo anageuka alafu ananiangalia kama vile ndo kwanza namwita. Nimemchapa kwa hilo jamani, zaidi ya mara moja.

Mama mkwe alisema tumpeleke kwenye maombi, tulimpeleka na sijutii. Ila shule wakaniambia mwakani nimtafutie sehemu nyingine, apo ndo nikasema huyu mtoto lazima aonwe na mtaalamu.

Sehemu ya kwanza naiacha bila jina. Dakika kumi tu, daktari hakumgusa mtoto wala kumuuliza anaitwa nani, kanisikiliza mimi kidogo akasema ni ADHD, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia, akaandika dawa. Sikuinunua. Siogopi dawa, ila nilijiuliza huyu kajuaje?

Hii ya pili ndo naisifia kwa moyo wote. Siku ya kwanza tulikaa na daktari zaidi ya saa nzima, anauliza toka mimba, nilijifungua vipi, alilia palepale, aliwahi kupata degedege, alianza kutembea lini, kuongea lini, usiku anakoroma, kuna muda anakodoa macho anapotea kidogo alafu anarudi? Akauliza masikio yaliwahi kutoa usaha, nikamwambia ndio alipokuwa mdogo, tukaweka matone yakakauka. Akaandika akapigia mstari.

Wakanipa dodoso la Vanderbilt, yaani karatasi ya maswali ya kuangalia dalili za ADHD, la mzazi lina maswali 55 na la mwalimu 43. Liko kwa Kiingereza ila nesi alikaa na mimi akanisomea moja moja kwa Kiswahili, hakuniharakisha. La mwalimu nikalipeleka shule likakaa siku tisa mpaka nikamfuata, na wazazi naomba msilidharau ilo karatasi, maana daktari alinieleza ADHD haisemwi kwa vurugu za sehemu moja, dalili zionekane angalau sehemu mbili kama nyumbani na shule, ziwe zimekaa miezi 6 au zaidi, na ziwe zilianza kabla hajafikisha miaka 12. Mtoto anavuruga shule tu nyumbani ametulia, basi inabidi mtu aulize na huko shule kuna nini.

Mwanasaikolojia alikaa nae peke yake chini kwenye mkeka, wanachora, wanapanga vibao, mimi nje nasikia anacheka. Muda mrefu sikuwahi kumsikia anacheka na mtu mzima asiye wa nyumbani.

Na kabla ya kusema lolote wakamtuma kupima masikio. Anaingia kwenye kachumba kasikopitisha kelele, anavaa hedifoni, akisikia mlio tu anatia gololi kwenye kopo. Nilikaa nyuma yake. Naona mtaalamu anabonyeza, anabonyeza tena, na mwanangu kashika gololi yake mkononi anasubiri kwa adabu kabisa. Yule yule wanaosema hatulii. Wakampima na kile kimashine kinachosukuma hewa sikioni kuona kama ngoma ya sikio inacheza, haichezi, maji yamejaa nyuma ya ngoma masikio yote mawili. Kwaiyo anasikia, ndo maana hatukujua, ila sauti ya kawaida inamfikia imefifia, na darasani anakaa nyuma kabisa kwasababu ni mrefu. Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani nikikumbuka ile fimbo.

Daktari hakusema basi ni masikio tu, mambo yameisha. Alisema kutokusikia vizuri kunaweza kuvaa sura ya ADHD, dodoso lenyewe lina swali kama mtoto haonekani kusikiliza akisemeshwa, ndo maana tunatibu masikio kwanza, mwalimu amuweke mbele, alafu baada ya miezi mitatu tunajaza upya. Mpaka sasa kupigana kumepungua sana, namwita niko jikoni anaitika naam. Lakini kukaa kwenye kiti bado, ukurasa mmoja wa hesabu anasimama mara sita. Inawezekana na ADHD ipo, hatujui bado, na wametuelekeza namna ya kumpa kazi vipande vipande na kumsifia palepale anapomaliza kipande. Dawa kama itahitajika tutaongea kwenye hayo majibu.

Mabaya yapo. Nafasi tulisubiri wiki sita. Bima ililipa daktari na kipimo cha masikio, mwanasaikolojia nikatoa mfukoni na kwangu ilikuwa pesa ya kuumiza. Sehemu ya kusubiria hakuna hata mpira, yaani watoto wa aina hii unawakalisha kwenye benchi masaa mawili, waliangalie sana ilo. Na ripoti wameandika Kiingereza kigumu, mwalimu hakuelewa, nikarudi kuomba barua fupi ya Kiswahili wakaandika bila kununa, ombeni mapema siku ileile.

Bebeni kadi la kliniki la toka alivyozaliwa, madaftari ya shule, na kama mna video kwenye simu akiwa na zile hasira zake onyesheni, daktari aliiangalia yetu mara mbili.

Tunarudi mwezi wa kumi. Dodoso la mwalimu limeshajazwa, safari hii kalijaza siku ileile niliyompa.