Filamu ya eksirei kwa kamera kubwa: angalia mgongo kabla ya bei

Wapiga picha wanaotia filamu ya eksirei kwenye kamera za inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, wana lalamiko moja: negativu zao zinatoka na mikwaruzo kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Halafu swali wanalouliza ni la ISO, yaani wepesi wa filamu kuona mwanga. Jamani, ISO si shida. Filamu ya kijani, yaani inayoona hadi mwanga wa kijani, ianzie 80 mchana wa jua, na 50 asubuhi na jioni mwanga unapokuwa mwekundu, kwa sababu rangi nyekundu haiioni. Vipande viwili vitatu vya majaribio vitamaliza ubishi.

Kinachosahaulika dukani ni mgongo wa filamu. Filamu ya kawaida ya hospitali imepakwa emulsheni, yaani tabaka la gelatini linaloona mwanga, pande zote mbili, maana ndani ya kaseti, kasha lake la hospitali, hubanwa katikati ya skrini mbili zinazong'aa. Kwenye trei yako ya kusafishia filamu hakuna skrini. Kuna plastiki yenye mifereji, na kila ukitikisa trei ule upande wa chini unaburutwa juu yake. Emulsheni ikilowa huvimba na kulainika, na joto ndilo linaloimaliza. Nakuru kuna baridi, maji hayasumbui sana. Kisumu maji ya tangi la juu ya paa yakipigwa na jua hupita nyuzi 25 kwa urahisi, na hapo ukucha ukigusa tu, gelatini inabanduka.

Kwa hiyo hapa nimepanga kwa mgongo, si kwa bei.

Namba moja ni filamu iitwayo Ektascan B/RA, na sifichi kwamba naipendelea. Ina emulsheni upande mmoja tu, na nyuma ina tabaka linalozuia mwanga usirudi na kutia ukungu kwenye kingo za vitu vyeupe. Ukiiona mahali, boksi halijafunguliwa na tarehe haijapita, usijadili sana.

Ya pili ni filamu ya mamografia, yaani eksirei ya matiti. Nayo ni ya upande mmoja, na ina mkato kwenye kona: shika kipande wima, mkato ukiwa juu kulia, emulsheni inakutazama. Kontrasti yake ni kali, kwa hiyo developa, dawa ya kutoa picha, iwe nyepesi sana. Huuzwa kwa sentimita 18 kwa 24 na 24 kwa 30. Ya kwanza inatoa vipande viwili vya inchi 4 kwa 5, ya pili vinne.

Ya tatu ndiyo wengi mtakayoishia kununua: ya kijani ya pande mbili, kama Fujifilm Super HR-T au Agfa CP-G Plus. Kati ya hizo chukua Fuji. Mwenye kamera ya 4 kwa 5 asinunue boksi la 8 kwa 10 kwa sababu tu namba zinagawanyika vizuri. Kipande kinachoingia kwenye holda, kishikio cha filamu cha kamera, ni kama milimita 99.5 kwa 125, si inchi 4 kwa 5 kamili. Kikizidi kidogo kinakwama. Filamu moja ya sentimita 30 kwa 40 inatoa vipande tisa, lakini upande mfupi unabakiza milimita moja na nusu tu, kwa hiyo weka kizuizi kwenye gilotini kabla ya kuzima taa. Kata filamu ikiwa katikati ya karatasi mbili safi.

Kuisafisha, yaani kutoa picha kwenye dawa, tafuta chombo cha kioo cha kuokea chenye kitako laini, au lala kioo cha dirisha ndani ya trei, kingo zake zikiwa zimepigwa msasa. Kipande kimoja kwa wakati, bila koleo. Developa ya Rodinal mililita 5 kwa maji mililita 500, nyuzi 20, dakika 6. Maji yakifika 24, shuka hadi dakika 4 na robo, au bora zaidi zungushia trei maji ya barafu. Suuza kwa maji matupu, kisha fiksa, dawa ya kuidumisha picha. Fiksa ya eksirei yenye kigumisho inafaa sana hapa, kwa sababu emulsheni inakuwa imekaza kabla ya kuoshwa.

Mgongo ukikwaruzika bado kuna dawa. Negativu ikikauka, ibandike kwenye kioo, upande mzuri chini, uzibe kingo zote nne kwa utepe, upake Jik nyuma. Emulsheni inateleza yenyewe. Negativu itapungua weusi, kwa hiyo ukijua mapema kwamba utaibandua, ongeza mwanga wakati wa kupiga.

Ya bluu, isiyoona kijani wala nyekundu, kama Carestream MXB, inavumilia taa ya rangi ya kaharabu, wakati ya kijani inadai nyekundu iliyokolea. Lakini udongo mwekundu wa Kakamega utatoka kama lami, na uso wa mtu mweusi utapoteza toni za katikati. Iwe ya nne.

Za bei rahisi zilizopitisha tarehe ni za kufanyia mazoezi ya kukata. Basi.

Sasa wauzaji. Hospitali zinahamia mashine za dijitali, na maduka ya vifaa vya hospitali yanakuuzia "filamu ya eksirei" ambayo ni ya printa. Boksi likiandikwa DRYSTAR, DryView au DI-HL, rudisha. Nyingine hazioni mwanga kabisa, nyingine zinataka leza na joto. Kwenye developa hupati kitu. Ukilalamika unaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudi. Wengine huweka stoo chini ya mabati au ukutani mwa chumba cha eksirei chenyewe, filamu inaungua taratibu, na bei inabaki ile ile ya mpya. Na yule anayekupimia vipande 20 kutoka boksi la 100, muulize alilifungulia chini ya taa gani. Kabla hujatoa pesa, geuza boksi usome tarehe ubavuni. Ikiwa imebandikiwa stika ya bei juu yake, ibandue hapo hapo mbele yake.