Laxton, kijiji cha Uingereza chenye mashamba yasiyo na uzio: uzoefu wangu

Kama uko Uingereza na umetoka familia ya wakulima, tafuta siku uende Laxton. Ni kijiji kidogo cha Nottinghamshire, upande wa Newark. Anayetaka maduka na vivutio vya kupigia picha hatavipata. Kilichonipeleka ni ardhi: Laxton bado wanalima kwa mfumo wa zama za kati, ule uliofutwa karibu nchi nzima pale mashamba ya pamoja yalipogawanywa na kuzungushiwa uzio, mengi yao kwa sheria za Bunge za karne ya 18 na 19.

Anzia kwenye kituo cha wageni, jirani na baa ya Dovecote Inn. Ni kidogo na kiingilio ni bure, lakini soma kila bango kabla hujatoka. Mwaka 1635 Mark Pierce alipima kijiji chote na kuchora ramani inayoonyesha kila kipande cha shamba, na ndani yake akachora watu wadogo wadogo wakilima na kuvuna. Ramani halisi imehifadhiwa Oxford. Ukishaiona kwenye mabango ya kituo, matembezi yanakuwa na maana nyingine kabisa.

Mashamba makubwa ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila moja limekatwa vipande virefu, na mkulima mmoja ana vipande vyake vimetawanyika kotekote. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu linapumzishwa. Mwaka unaofuata wanazungusha. Huwezi kujiamulia peke yako. Ndiyo maana pia nyumba za wakulima zimejipanga kandokando ya barabara ya kijiji badala ya kukaa huko mashambani: kwa vipande vilivyotawanyika hivyo, katikati ndipo karibu na vyote.

Mimi nimekulia kwenye kesi za mipaka, watu wa ukoo mmoja hawasalimiani kwa sababu ya hatua mbili za shamba. Kwa hiyo kilichonigusa zaidi ni namna wanavyolinda mipaka hapa. Mwishoni mwa Novemba wazee wa baraza, wakulima wenyewe, hulizunguka shamba lililopandwa ngano, hupigilia vigingi upya na kuandika nani kalima kupita mpaka wake au kaingia njia ya wote. Baadaye mahakama ya kijiji, Court Leet, inakaa palepale Dovecote Inn na kutoza faini. Mkosaji anahukumiwa na majirani wanaoujua mtaro wenyewe.

Kasoro: usafiri wa umma ni wa shida, heri uende na gari. Udongo ni mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha unaganda kwenye viatu hadi mguu unakuwa mzito kuunyanyua, kwa hiyo vaa buti. Na pita njia zilizoruhusiwa tu, maana hayo ni mashamba ya watu, wanaishi kwayo.

Ukiwa na nguvu, panda hadi kilima cha ngome ya Wanormani, wale waliotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza karne ya 11, kaskazini mwa kijiji. Mimi napendekeza Juni, kabla nyasi hazijakatwa kwenye yale mabonde yasiyolimika wanayoyaita sykes. Maua ya porini yanakuwa tele. Nampa Laxton nyota tano.