Africa Addio: nilichokiona nilipozima sauti

Nilinunua sanduku zima la diski nane za filamu, toleo la kampuni ya Blue Underground la mwaka 2003, kwa ajili ya dakika chache tu: zile za Unguja, Januari 1964. Vipande vyake nimeviona miaka mingi kwenye simu, vimekatwakatwa na kila mwenye lake la kusema kuhusu Mapinduzi. Nikataka kuiona filamu nzima, Africa Addio, kama walivyoipanga wenyewe, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, Wataliano waliokwisha kupata jina kwa filamu yao Mondo Cane mwaka 1962.

Diski zenyewe sina la kuzilaumu. Picha ni safi, na Africa Addio imo mara mbili, ya Kiingereza na ya Kitaliano yenye tafsiri chini. Hilo ni jambo zuri, maana Marekani walikuja kuikata wakaiuza kwa jina la Africa Blood and Guts. Jina hilo linatosha kukwambia ilitafutiwa watazamaji wa aina gani.

Kilichoniuma ni filamu. Kwa zaidi ya saa mbili Waafrika wamejaa kwenye kioo, wa Kenya, Tanganyika, Rwanda, Kongo, na anayesema ni msimulizi. Yeye ndiye anayejua kwa nini huyu anacheka na yule ana hasira. Mlowezi wa Kenya anayehama anapewa nyumba yake, vyombo vyake vikipigwa mnada, huzuni yake. Wasichana wa Kizungu wa Cape Town wanarushwa juu ufukweni, taratibu, huku muziki mtamu wa Riz Ortolani ukipiga. Mwafrika amepewa umati. Na akipewa sura yake peke yake, mara nyingi ni maiti au ni muuaji.

Watu waliliona hilo mapema. Mwaka 1966, Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliipinga ndani ya ukumbi wa sinema. Na kwa sehemu ya Kongo, Jacopetti alichunguzwa Italia kwa tuhuma kwamba mauaji yalisubirishwa mpaka kamera iwe tayari. Alionekana hana hatia. Mimi hata hivyo sehemu hiyo nimeitazama mara moja, sirudii.

Za Unguja nilizitazama na shangazi yangu hapa Muscat. Alikuwa na miaka 11 wakati ule. Zimepigwa kutoka angani: watu wa kanzu nyeupe wanakwenda kwa mstari, wadogo kama punje za mchele, kisha miili imelala chini. Msimulizi akasema ni Waarabu.

"Mzime huyo," shangazi akaniambia.

Nikazima sauti. Akasogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Rudisha nyuma, mwanangu."

Nikarudisha, mara nne au tano. Mwishowe akasema: "Amejuaje huyo? Kutoka juu kanzu zote ni moja."

Sijasoma uhakiki wa filamu hii uliosema kweli kama hiyo. Kanzu aliivaa Mwarabu, aliivaa Mshirazi, aliivaa Mngazija. Kamera haikutua chini ikamuuliza mtu hata mmoja jina lake, wala mtoto wa nani, wala wa mtaa gani. Na bado picha hizo ni karibu zote tulizonazo za mauaji ya siku zile, ndiyo maana siwezi kuitupa diski.

Filamu nyingine za sanduku hilo sikuzimaliza. Ile ya utumwa wa Marekani, Goodbye Uncle Tom, waliyoipiga Haiti ya dikteta Duvalier, niliifunga baada ya dakika 20.

Kama una mzee nyumbani aliyeziona siku zile, inunue, mketi naye, na rimoti iwe mkononi mwake. Kama unatafuta historia ya Afrika, usitoe pesa yako. Shangazi ameniomba nimwekee zile dakika kwenye simu yake, bila sauti. Nimemwekea.