Mpira Mubashara Sebuleni Bila Kufungwa na Kifurushi cha Kila Mwezi: Ununue Nini Kwanza

Asubuhi ya Machi 8, 2025 nililipia kifurushi cha mwezi mzima, na kichwani nilikuwa na mechi moja tu: dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga. Siku hiyohiyo mechi ikaahirishwa. Ilipokuja kuchezwa Juni 25 na Yanga ikaondoka na ushindi wa 2-0, kifurushi kile kilikuwa kimeshakatika zamani, nikalipa kingine. Usiku ule nilikaa na kalamu nikahesabu. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimelipia miezi yote 12, lakini mechi nilizokaa nikaziangalia mwanzo hadi mwisho hazikufika 50. Hata Julai, ligi zimelala, mimi nalipa.

Tangu hapo nimebadilisha kabisa namna ninavyonunua mpira, na ndugu na majirani wananiuliza wafanyeje. Haya ndiyo ninayowaambia, nimeyapanga kuanzia kitu ambacho kila nyumba inafaa kuwa nacho hadi kile ambacho nisingependa mtu yeyote atoe hela yake kukinunua.

Taja mechi kabla ya kutaja king'amuzi

Ukiingia dukani ukasema "nataka king'amuzi cha mpira", utauziwa kilichopo. Anza na mashindano. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam: mwaka 2021 kampuni hiyo ilisaini na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya England na Ligi ya Mabingwa Ulaya ziko SuperSport, yaani DStv. Kombe la Dunia huwa na sehemu yake kwenye televisheni ya taifa. Mwaka 2022 TBC1 ilionyesha mechi kutoka Qatar.

Mwenye haki ya kuonyesha ndiye mwenye mechi, na hakuna antena wala boksi litakalobadilisha hilo. Wengi niliowaona wakijuta walinunua kifaa kizuri cha kampuni isiyo na ligi wanayoipenda.

1. TV yenye king'amuzi ndani, na antena ya nje

Hiki ndicho cha kwanza kwangu, na sioni cha kukishinda. Unalipa mara moja, basi. Chaneli za bure kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV zinaingia bila kadi na bila malipo. Taifa Stars ikicheza mechi inayoonyeshwa na chaneli ya taifa, hutafuti wakala wala salio.

Jambo la kuangalia kwenye boksi la TV ni maandishi haya: DVB-T2, mfumo wa matangazo ya antena unaotumika hapa. Ile 2 ina uzito. TV nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina DVB-T ya zamani peke yake, na baadhi ya TV zinazoletwa kutoka nchi nyingine zimetengenezwa kwa mfumo wa huko, hivyo hazitashika matangazo ya hapa hata ukiweka antena juu ya mnazi. Muuzaji akikwambia "ina king'amuzi ndani", mwombe aiwashe, achomeke antena, aache TV itafute chaneli yenyewe mbele ya macho yako. Ikionyesha TBC1 pale dukani, lipa. Kama tayari una TV isiyo na T2 usiitupe, kuna visimbuzi vidogo vya chaneli za bure vinavyochomekwa kwa HDMI au hata zile waya tatu za rangi.

Kuhusu antena nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa. Zipo antena bapa za ndani zilizoandikwa 4K, zimechorwa na bendera za dunia nzima. Antena haijui 4K. Kazi yake ni kushika mawimbi ya TV, yale yanayoitwa UHF, basi. Nyumba zetu zimeezekwa mabati, na bati huzuia mawimbi vibaya sana, kwa hiyo antena ya ndani iliyofanya kazi vizuri dukani inaweza kukupa picha ya vipande vipande sebuleni. Nunua antena ya nje ya kawaida, ile yenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki, iinue juu ya paa kwa bomba, kisha tazama za majirani zimeelekea wapi. Angalia pia kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, na wewe ufanye vivyo hivyo. Waya uwe mnene, ulioandikwa RG6, na usiunge katikati kama unaweza kuepuka. Huku pwani chumvi ya bahari inakula viungio vya waya ndani ya mwaka mmoja. Vizungushie utepe wa mpira au silikoni siku ileile unapofunga.

Kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ambacho mafundi hupenda kuuza kinasaidia ukiwa mbali na mnara. Ukiwa karibu, kinaweza kuharibu picha iliyokuwa nzuri. Jaribu kwanza bila hicho.

2. King'amuzi cha Azam, kwa wanaoishi kwa Ligi Kuu

Kama moyo wako uko kwa Simba, Yanga, Coastal Union au Mbeya City, huna njia nyingine ya halali nje ya Azam. Swali lako ni dishi au antena.

Dishi linafika kila kijiji, na hilo pekee linatosha kulifanya chaguo la walio mbali na miji. Ubaya wake ni mvua. Masika yakishuka kwa nguvu, mawimbi ya setilaiti yanakatika, na inaweza kuwa dakika ya 88. King'amuzi cha antena hakisumbuliwi sana na mvua, hakihitaji fundi wa kupima pembe, na ukihama chumba unahama nacho. Kwa aliye Dar es Salaam au kwenye mji mwingine wenye mnara, mimi namshauri antena. Ila kabla ya kulipa muulize wakala swali moja: ni kifurushi kipi cha chini kabisa chenye Azam Sports 1 HD kwenye antena? Vifurushi vya dishi na vya antena havifanani majina wala chaneli, na watu wengi hulipia kimoja wakidhani ni kingine.

Kwa aliye na dishi kuukuu la DStv bustanini, usidhani litafaa hivyo lilivyo. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa Dar ni karibu utosini. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, yaani upande wa magharibi kwetu. Sahani yenyewe inaweza kutumika tena, lakini lazima fundi aigeuze, na kama miguu yake imeliwa na kutu, bora ununue mpya.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo iliyoniokolea hela kuliko kifaa chochote. Ligi ina timu 16, kwa hiyo timu yako ina mechi 30 za ligi kwa msimu. Chukua ratiba, piga duara kwenye mechi zako, kisha ulipe kuanzia siku ya mechi ya kwanza, usilipe siku kifurushi kilipokatika. Kila mwaka kuna wiki za kalenda ya FIFA, Septemba, Oktoba, Novemba na Machi, ambapo ligi husimama kupisha timu za taifa. Ukilipia mwezi siku mbili kabla ya mapumziko hayo, karibu nusu ya hela yako inakwenda kwenye tamthilia. Na kwa dabi subiri hadi siku yenyewe, saa chache kabla. Mimi nilijifunza kwa gharama.

3. Programu kwenye simu au TV, kama una intaneti isiyopimwa

AzamTV Max, DStv Stream na StarTimes ON zinakupa mechi bila dishi wala antena. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka, au mwanafunzi mwenye chumba kimoja, hii ni raha kubwa.

Lakini piga hesabu ya bando kwanza. Picha nzuri ya 720p hula kama megabiti 3 kwa sekunde, yaani giga 1.3 na ushee kwa saa. Mechi moja pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza ni giga 2.5 hivi. Mara mechi 30, unafika giga 75 kwa msimu, kwa timu moja tu, achilia mbali mechi za wapinzani. Ukishusha picha hadi 480p unapunguza zaidi ya nusu, na kwenye simu huoni tofauti. Kwenye TV ya inchi 43 unaiona. Mabando mengi ya usiku huanza saa sita, wakati mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya zinaanza saa tano usiku kipindi cha baridi yao, kwa hiyo hayakufai kwa kipindi cha kwanza. Kwa mwenye faiba ya nyumbani, yaani intaneti ya waya, inayolipiwa bei moja kwa mwezi, hesabu hiyo yote inafutika, ndiyo maana nimeweka sharti kwenye kichwa cha habari.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Matangazo ya intaneti huchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi. Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, nilikuwa naangalia kwa simu iliyounganishwa na TV, na jirani ana dishi. Kila bao nililisikia kupitia ukuta kabla sijaliona. Kwa shabiki, hiyo inaondoa utamu wote. Ukiishi kwenye nyumba za kubanana, lifikirie sana hili.

Ukinunua TV janja kwa ajili ya programu hizi, usiamini neno "smart" kwenye boksi. Nyingi za bei ya chini zina Android isiyo na duka halali la Google, na programu unayoitaka inagoma kuingia. Washa mtandao wa simu yako pale dukani, pakua programu, ifungue. Kama TV yako ni nzuri ila haina ujanja huo, kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI chenye Google TV ni nafuu kuliko kununua TV nyingine.

4. StarTimes

Naiweka hapa kwa sababu moja: inauza vifurushi vya siku na vya wiki, na hilo kwa mtu wa kipato cha kila siku ni jambo la heshima. Haki zake za mpira hubadilika msimu kwa msimu, basi uliza ina ligi zipi msimu huu, usitegemee ilizokuwa nazo miaka mitatu iliyopita.

5. DStv, kwa miezi ya mpira pekee

Kama ni Arsenal, Liverpool au Manchester United, utafika hapa. Picha ni nzuri na mechi ni nyingi. Tatizo ni kwamba mechi kubwa mara nyingi ziko kwenye vifurushi vya juu, na Poa au Bomba vinaweza kukuacha na mechi ambazo hukuzifuata. Uliza mechi za timu yako huonyeshwa kwenye kifurushi kipi kabla ya kununua vifaa. Msimu wa England ni Agosti hadi Mei. Juni na Julai acha kikatike, hakuna faini. Kaka yangu na wenzake wawili wamefanya kitu ninachokipenda: king'amuzi kiko kwa mmoja, wote watatu wanachanga, na Jumamosi wanakutana hapo na familia zao. Inawagharimu kila mmoja chini ya walichokuwa wakiacha kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mechi mtaani.

Usinunue: boksi la "chaneli zote"

Linauzwa kwa maneno matamu: lipa mara moja, mechi zote duniani, maisha. Linavuta matangazo ya wizi, na wenye haki wanayafunga katikati ya mechi kwa sababu wanajua ndiyo saa inayouma. Baadhi huja na programu zinazochungulia mtandao wa nyumba yako, na ndani ya mtandao huo ndimo ilimo simu unayofanyia miamala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo pia. Lakini mimi linaniumiza zaidi jambo jingine: fedha za haki za matangazo ndizo zinazowafikia hata vijana wa klabu ndogo, zile ambazo viingilio vya mlangoni havitoshi kuwalipia basi la ugenini. Tunaipenda ligi hii, tusiikate miguu.

Kwa aliye Kenya, na kuhusu umeme

Ndugu wa Kenya, mpangilio wa kwanza haubadiliki: T2 na antena, KBC na wenzake wanaingia bure, na GOtv ipo kwa anayetaka king'amuzi cha antena cha bei ya kati. AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa hiyo antena nzuri unayoifunga mwaka huu haitakaa bure.

Umeme nao ni sehemu ya ununuzi. TV ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50, king'amuzi wati 15 hivi. Betri ndogo ya sola ya volti 12 yenye Ah 50 iliyojaa vizuri inamaliza mechi mbili bila wasiwasi, hasa ukinunua TV inayokubali volti 12 moja kwa moja bila kupitia inveta. Kwa mwenye faiba, kumbuka ruta nayo inazimika. Kuna vibetri vidogo vyake, viko madukani, ukubwa wa kitabu. Pima siku ambayo hakuna mechi: zima swichi kubwa, washa saa, uone vinadumu muda gani.