TAHADHARI: Wastaafu wanauziwa viwanja vya jangwani Arizona visivyo na maji

Ndugu mnaojiandaa kuhamia kwenye jua la Arizona, jimbo la Marekani, baada ya kustaafu, kuna tangazo linalozunguka kwa sura nyingi, mchezo ni uleule. Picha ya machweo na mwamba mwekundu, ekari moja na robo au ekari 40, malipo kidogo kidogo kila mwezi, hakuna kuangaliwa historia ya mkopo. Phoenix na Las Vegas zinatajwa kana kwamba ziko nje ya geti. Mteja anavutwa na ndoto ya Sun City, mji wa wastaafu uliofunguliwa Januari 1960 karibu na Phoenix, wenye lami, mabomba na hospitali. Anachopewa ni kipande cha vichaka katika kaunti ya Mohave, Cochise, Navajo au Apache, kisicho na huduma hata moja kati ya hizo.

Anayefuata joto ajue pia kwamba viwanja vingi vya bei chee vya Navajo na Apache viko kwenye uwanda wa juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Theluji huanguka huko, na usiku wa Januari maji huganda kwenye tangi. Muuzaji hataji mwinuko, muulize.

Pesa nyingi hupotelea kwenye maji. Sheria ya Arizona ya maji ya chini ya ardhi ya 1980 inamtaka anayegawa ardhi ndani ya maeneo maalumu ya usimamizi, kama Phoenix, Tucson na Prescott, athibitishe maji ya miaka 100 kabla ya kuuza. Mianya ni miwili. Ugawaji unahesabiwa kuanzia vipande sita, kwa hiyo mwenye ardhi akikata vitano hadaiwi uthibitisho. Kisha mwenzake ananunua kimoja na kukikata tena vitano. Kupanga njama ya namna hiyo ni kosa, lakini hufanyika. Nje ya maeneo hayo, katika kaunti nyingi, inaruhusiwa kuuza viwanja ambavyo Idara ya Rasilimali za Maji ya jimbo imekwisha kusema havina maji ya kutosha, mradi mnunuzi wa kwanza aambiwe. Wa pili halindwi na sharti hilo. Kiwanja kilichokwisha kubadilisha mikono kinataka macho zaidi, si machache.

Dalali atasema maji yataletwa kwa lori. Piga hesabu. Watu wawili wakitumia lita 200 kila mmoja kwa siku, ni lita 12,000 kwa mwezi. Tangi la lita 1,000 nyuma ya pikapu ni tani moja ya maji kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, na pikapu nyingi hazijatengenezwa kubeba mzigo huo. Hata gari likiweza, ni safari 12 kila mwezi, kwa dereva wa miaka 70. Na mwenye maji anaweza kuyafunga. Tarehe 1 Januari 2023 jiji la Scottsdale lilisitisha maji ya malori yaliyokuwa yakipelekwa kitongoji jirani cha Rio Verde Foothills, na mamia ya nyumba zikabaki zikitafuta maji mbali zaidi na kwa bei kubwa zaidi. Hizo zilikuwa nyumba za watu wenye uwezo, kando ya jiji kubwa.

Akikwambia utachimba kisima, fungua rejesta ya visima ya Idara ya Rasilimali za Maji (namba zake huanza na 55) na utazame visima vya majirani: kina, mwaka wa kuchimbwa, na maji yalikuwa umbali gani kutoka juu. Rekodi ya kisima cha zamani haikuonyeshi maji yalipo leo. Mchimbaji hulipwa kwa futi, maji yatoke yasitoke. Yakitoka, yapimwe aseniki, ambayo ni sumu, na floridi, maana katika miamba ya Arizona zipo kiasili. Kiwango cha juu cha aseniki kwa mabomba ya umma nchini Marekani ni mikrogramu 10 kwa lita. Kisima binafsi hakuna anayekupimia, na kuchemsha hakuondoi aseniki bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua.

Umeme nao kwa mzee ni lazima, si anasa, maana ndio unaoendesha kiyoyozi. Mwaka 2023 Phoenix ilipita siku 31 mfululizo za nyuzi joto 43 za Selsiasi na zaidi. Pima umbali hadi nguzo ya karibu, kisha uliza shirika la umeme, si muuzaji, gharama ya kuvuta laini.

Barabara ina mambo mawili yanayochanganywa makusudi: njia inayopitika na njia unayoruhusiwa kupita. Kwa sababu ya ardhi iliyogawiwa kampuni za reli karne ya 19, sehemu za Arizona zimekaa kama ubao wa drafti, mraba wa mtu binafsi, mraba wa jimbo, mraba wa serikali kuu. Alama za matairi unazoziona kwenye picha ya setilaiti huenda zinakatiza ardhi ya jimbo, na alama za matairi hazimpi mtu haki. Dai namba ya haki ya njia iliyosajiliwa kwa msajili wa kaunti. Usipoipata, chukulia kwamba kiwanja hakifikiki. Angalia pia ramani ya mafuriko. Korongo kavu linalopita kiwanjani hujaa ghafla msimu wa mvua, Juni 15 hadi Septemba 30, hata kama mvua imenyesha milimani mbali na juu yako mbingu haina wingu.

Kwa maji taka, udongo wenye kalichi, tabaka la chokaa gumu kama zege, haunyonyi. Kipimo cha unyonyaji kifanyike kabla ya kununua, la sivyo utajenga mfumo wa gharama kubwa usiouwazia.

Sasa karatasi. Hati anayoipenda tapeli ni ile ya kuachia haki: anakukabidhi chochote alicho nacho, na kama hana kitu umepewa kisicho kitu. Dai hati yenye dhamana, ambayo muuzaji anawajibika kwamba ardhi ni yake, dai bima ya umiliki, na pesa zipitie kampuni ya hati, ile inayokagua umiliki, uliyoichagua wewe. Jina la muuzaji lilingane na jina lililo kwa mthamini wa kaunti. Wapo wanaouza ardhi tupu ya watu wengine, na dalili zao ni haraka, bei ya kutupa na kukataa kuonana. Angalia madeni ya kodi, maana kaunti huuza dhamana za kodi, yaani haki ya kudai kodi isiyolipwa, kila Februari, na baada ya miaka mitatu mwenye dhamana anaweza kuichukua ardhi kupitia mahakama. Ukiletewa barua pepe ya kubadilisha akaunti ya kulipia, usilipe. Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Kama umeshasaini, tazama tarehe. Muuzaji wa vipande vitano au pungufu nje ya mipaka ya miji lazima akupe tamko la maandishi kuhusu njia, maji, umeme na mafuriko angalau siku saba kabla ya kuhamisha umiliki, nawe una siku tano tangu ulipopewa kuvunja mauzo. Kama unalipa kwa awamu huku hati ikibaki kwake, usiache kulipa kwa hasira. Ukiwa umelipa chini ya asilimia 20 ya bei, anaweza kukunyang'anya kiwanja siku 30 baada ya kuchelewa. Kati ya 20 na 30 ni siku 60, kati ya 30 na 50 ni siku 120, na ukifikisha nusu ni miezi tisa. Mpelekee mwanasheria mkataba ndani ya muda huo, na peleka malalamiko kwa Idara ya Mali Isiyohamishika ya Arizona na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ukiambatanisha tangazo lenyewe kabla halijafutwa.