Kununua The Lord of the Rings: toleo lipi kwanza, lipi baadaye

Mtu anayetafuta The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, kwa mara ya kwanza hukuta kitabu kimoja kinauzwa kwa namna nyingi hadi anachanganyikiwa: juzuu tatu za jalada laini, buku moja nene lenye kurasa zaidi ya 1,000, toleo la picha za rangi, la kusikiliza, la kusoma kwenye simu, na zile nakala za mtumba zilizotandazwa kando ya barabara, ambazo Nairobi lazima uiname ndipo uzichambue. Hadithi ni ileile. Ila toleo utakalochukua lina mchango mkubwa katika kuamua kama utafika na Frodo, shujaa wa hadithi, hadi Mordor, nchi ya adui, au utamwacha njiani. Walioacha kitabu hiki katikati hutoa malalamiko yanayofanana: herufi ndogo mno, kitabu kizito, ramani haisomeki, majina yanachanganya. Karibu yote hayo yanaweza kuepukwa kabla hujatoa pesa.

Napanga kuanzia ninalolipendekeza zaidi, na nampangia mtu anayetaka kusoma. Mkusanyaji wa vitabu adimu ana hesabu zake nyingine.

1. Juzuu tatu za jalada laini, zenye maandishi yaliyosahihishwa 2004

J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, aliandika riwaya moja ndefu yenye sehemu sita. Aliyeigawa katika juzuu tatu ni mchapishaji, George Allen & Unwin wa London. Baada ya vita karatasi ilikuwa ghali, na kampuni ilikuwa imeshajiandaa kupoteza hata pauni 1,000 kwa ajili ya kitabu hicho. The Fellowship of the Ring ikatoka Julai 1954, The Two Towers Novemba mwaka huohuo, The Return of the King Oktoba 1955. Mwenyewe Tolkien hakupenda kazi yake iitwe trilojia, na ndiyo maana wasomaji wakongwe wengi watakuambia ununue buku moja, kama alivyokusudia.

Nawaheshimu, lakini kwa msomaji mpya sikubaliani nao. Juzuu moja inaingia kwenye mkoba, inashikika kwa mkono mmoja kwenye daladala au matatu, na ukiimaliza unajua umemaliza kitu. Herufi zake kwa kawaida ni kubwa kidogo kuliko za buku moja. Ikipotea au ikilowa mvua, umepoteza theluthi.

Kama pesa inabana, unaweza kununua moja moja, lakini usiitenge ya pili na ya tatu. The Two Towers inaishia pabaya kabisa, Sam, mtumishi wa Frodo, akiwa nje ya lango lililofungwa na bwana wake yuko ndani mikononi mwa adui. Wasomaji wa kwanza walisubiri kwa miezi 11 ili wajue kilichofuata, na wewe huna sababu ya kuteseka hivyo.

Kuhusu mwaka 2004: kitabu hiki kimekuwa na makosa ya uchapaji tangu kilipozaliwa. Wachapaji wa mwanzo walikuta tahajia ambazo Tolkien alizichagua makusudi, wakadhani amekosea, wakazibadilisha. Juzuu ya kwanza ilipohitaji kuchapishwa tena, herufi zilipangwa upya bila yeye kuambiwa, na makosa mapya yakaingia. Maandishi yalipoingizwa kwenye kompyuta kwa ajili ya toleo la 1994, yakaingia mengine. Kwa toleo la kuadhimisha miaka 50, Wayne G. Hammond na Christina Scull waliyapitia yote na kufanya mamia ya marekebisho. Ukishika nakala dukani, fungua kurasa za mwanzo. Ukikuta maelezo yanayotaja toleo hilo la miaka 50, umepata maandishi mazuri. Jalada liwe na mchoro wa mwandishi au picha ya filamu, hilo ni suala la macho tu.

Kabla ya kulipa, fungua pia mwisho wa juzuu ya tatu. Viambatisho vinapaswa kwenda kutoka A hadi F, halafu faharasa. Wapo wanaosema viambatisho ni vya wenye uchu wa tarehe na koo za wafalme, na kwa sehemu ni kweli, lakini kisa cha mapenzi ya Aragorn na Arwen kimo humo, ndani ya Kiambatisho A, na bila hicho ndoa ya mwisho wa kitabu inakuja kama jambo la ghafla. Usikubali nakala isiyo navyo.

2. Kitabu cha kusikiliza, hasa kama Kiingereza chako ni cha darasani

Wengine wataona ajabu kukiweka hapa juu, lakini ninasimamia neno langu. Sentensi za Tolkien zimejengwa kwa sikio. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu vya shule hukwama kwenye majina ya watu, milima na mito, akiyaruka bila kujua yanavyotamkwa, na baada ya sura tatu hajui tena nani ni nani. Ukiyasikia yakitamkwa, yanakaa kichwani.

Yapo masimulizi mawili kamili, yasiyokatwa. La Rob Inglis ni la 1990. Ni sauti ya mzee anayesimulia bila haraka, na nyimbo zote anaziimba, wakati wasomaji wengi wa kimyakimya huziruka. La Andy Serkis, aliyeigiza Gollum kwenye filamu, ni la 2021, na kila mhusika anapewa sauti yake. Serkis atakuweka macho usiku, Inglis atakufaa barabarani. Yote mawili yanachukua zaidi ya saa 50, na kama una juzuu za karatasi pembeni, soma huku ukisikiliza angalau sura kumi za mwanzo.

Usichanganye haya na mchezo wa redio wa BBC wa 1981, wenye vipindi 26, ambamo Ian Holm alikuwa Frodo. Ni kazi nzuri sana, lakini imepunguzwa, na Tom Bombadil hayumo.

Na kwa kuwa Bombadil ametajwa: hakuna sehemu inayogawa wasomaji kama sura zake. Wengine wanamwona mzigo, mtu wa kofia na nyimbo anayesimamisha safari ambayo ndiyo kwanza imeanza. Wengine, nami nimo, wanamshukuru, kwa sababu ni yeye pekee ambaye ile Pete ya uovu anayoibeba Frodo haimtawali kabisa. Aliyeanzia kwenye filamu za Peter Jackson za 2001 hadi 2003 hatamfahamu, maana hayumo humo pia. Kama unachoka mapema, ruka utangulizi mrefu unaoeleza maisha ya mahobiti, watu wafupi ambao Frodo ni mmoja wao, na uanze moja kwa moja na karamu ya Bilbo. Utangulizi utaurudia kwa hamu baadaye.

3. Buku moja la jalada laini

Mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko juzuu tatu zikijumlishwa, na lina kila kitu. Tatizo ni mwili wake. Kurasa zaidi ya 1,000 kwenye mgongo wa gundi hazidumu. Ukilifungua katikati mara nyingi, mgongo unapata mkunjo mweupe, kisha gundi inaachia na kurasa zinaanza kutoka moja moja, na joto la pwani huharakisha jambo hilo. Ukilichukua, lisomee mezani. Ukiona la jalada gumu kwa bei isiyopishana sana, ongeza pesa.

Angalia kwa makini buku la mtumba. Toleo la jalada laini la Allen & Unwin la 1968 liliacha viambatisho vyote isipokuwa kile kisa cha Aragorn na Arwen.

4. Toleo lenye picha za Alan Lee

Hili ni la zawadi. Lilitoka kwa mara ya kwanza 1991, buku moja lenye picha 50 za rangi ya maji, za kijivu na kijani kilichofifia, na ndizo zilizomfikisha mchoraji huyo kwenye timu ya filamu na hatimaye kwenye Oscar. Picha hazitangulii hadithi. Mara nyingi anachora mahali na kuwaacha watu wadogo pembeni, nawe unabaki na nafasi ya kuwaza sura zao. Ni zito, halibebeki, na mtoto wa miaka 12 akilipata atalitunza hadi awe mzee.

5. Toleo la 2021 lenye michoro ya Tolkien mwenyewe

Wenye mapenzi ya muda mrefu wanalisifu, na kwa haki. Tolkien alitengeneza kwa mkono kurasa za kile kitabu kilichoungua ambacho wasafiri wanakikuta Moria, machimbo ya chini ya milima: alizichoma pembeni kwa kiko chake, akazitoboa, akazipaka rangi nyekundu iwe kama damu. Mwaka 1954 hazikuchapwa kwa sababu ya gharama. Humu zimo. Lakini anayezithamini kurasa hizo ni yule aliyekwisha kupita Moria, kwa hiyo linunue kwa usomaji wa pili.

6. Toleo la kidijitali

Ni jepesi na unaweza kutafuta jina ulilolisahau mara moja. Ramani kwenye simu, hata hivyo, ni kero tupu, na safari hii haisomeki bila ramani. Lichukue kama nyongeza.

Nakala za wizi, ziwe faili zinazosambazwa au vitabu vya fotokopi, ziache. Mwaka 1965 kampuni ya Marekani, Ace Books, ilichapa kitabu hiki bila idhini. Tolkien aliweka tamko kwenye jalada la toleo halali la Ballantine akiwaomba wasomaji walinunue hilo tu, wasomaji wakamuunga mkono, na Ace ikaishia kumlipa na kuacha kuchapa. Kama bei ya kitabu kipya inakushinda, mtumba halali unapatikana, na wauzaji wengi wa barabarani watakutafutia juzuu inayokosekana ukiwaachia namba.

Mara nyingine seti huuzwa pamoja na The Hobbit ya 1937. Hiyo ichukue bila kusita, ni fupi na inakutambulisha Bilbo, Gandalf na Gollum. Seti iliyoongezwa The Silmarillion, iliyotoka 1977 baada ya Tolkien kufariki, isubiri mpaka umalize juzuu ya tatu na bado una njaa.